UZI: Kaa wetu ana jozi 15 za viungo, kitabu kinasema 19. Nani kakosea?

Mwalimu_Kadutu

Jioni njema, wandugu. Mimi nafundisha biolojia hapa Bukavu, upande wa Kadutu, na leo nimekuja na kesi yenye aibu kidogo.

Alhamisi mwanafunzi wangu mmoja alileta kaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alimkamata chini ya jiwe, kwenye kijito kinachoshukia Ruzizi. Somo la krustasea (jamii ya kaa na kamba) nilikuwa nimelipanga kwa ubao na chaki kama kila mwaka: chora, andika majina, nakilini kwenye kaye, kengele. Lakini kaa amekuja mwenyewe darasani, utamfukuza? Tukatafuta wembe, sindano ya kushonea, sahani ya plastiki na torchi ya simu. Ndiyo laboratwari yetu hiyo. (Kabla hamjauliza: tulimlaza kwanza kwenye barafu ya mama anayeuza juisi getini mpaka akazimia kabisa. Siwezi kupasua mnyama anayenitazama.)

Sasa, kitabu chetu kina picha ya kamba wa mtoni wa Ulaya, yule mwenye mkia mrefu, na kinasema mwili wake ni pingili kama za muwa, na viungo vyake ni jozi 19. Nikawaambia watoto: hesabuni. Wakavua kimoja kimoja kwa sindano na kuvipanga juu ya karatasi. Wakapata jozi 15. Wakarudia, 15. Yule aliyeleta kaa akasimama: "Profu, kitabu kimedanganya." Nikamjibu kwamba yeye ndiye amepoteza vingine chini ya meza, na nikamwandikia kosa.

Nyumbani nilivitandaza vile viungo upya mbele ya taa. 15. Nani kakosea: mtoto, kitabu, au kaa?

Mzee_wa_Nguba

Kaa amekosea. Angesoma kitabu kabla ya kuja.

Sambaza_wa_Kituku

Mwalimu, nakuandikia kutoka Goma. Kabla sijasema chochote nijibu swali moja: huyo kaa ukimgeuza chali, ule mkia uliokunjwa chini ya tumbo ni mwembamba kama karavati au mpana kama kikwembe?

Mwalimu_Kadutu

Karavati. Mwembamba, wenye ncha.

Sambaza_wa_Kituku

Basi ni dume, na mtoto wako amehesabu sawasawa. Kitabu nacho hakijadanganya. Kinasema habari za mnyama mwingine.

Tuhesabu pamoja kutoka mbele. Kichwani kuna jozi 5: vipapasio vifupi, vipapasio virefu, mataya yenyewe, halafu jozi mbili za vitaya laini nyuma ya mataya. Kifuani kuna jozi 8: tatu za kwanza zimekuwa vyombo vya mdomo (ile jozi ya nje kabisa inafunga mdomo kama milango ya duka), moja ni magando, nne ni miguu ya kutembelea. Hapo ni 13, na hizo 13 kaa anazo sawa na kamba wa kitabuni. Tofauti iko mkiani. Kamba ana jozi 6 mkiani: tano za kuogelea, na ya mwisho imepanuka kuwa pembeni mwa ile feni anayojirushia kinyumenyume akishtuka. 13 na 6, ndiyo 19 yenu.

Kaa ameukunja mkia wake chini ya kifua na hauogelei tena. Feni imepotea. Dume amebakiza jozi mbili tu mkiani, nazo ni za kazi ya ndoa. 13 na 2, ni 15. Ukipata jike utahesabu 17, maana yeye anabakiza jozi nne zenye manyoya za kushikia mayai.

Mrudishie mtoto alama zake, mwalimu 😄

Mwalimu_Kadutu

Aksanti sana, yaya (au kaka, jina halisemi). Nimesoma nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Miaka yote hii nawaimbisha watoto 19, na kwa kaa wa mtoni kwetu hakuna hata mmoja mwenye 19.

Sambaza_wa_Kituku

Ni yaya. Na kwa mto huna sababu ya kuona aibu. Kamba wa mtoni wa namna ile hana asili katika bara la Afrika. Madagaska wanao wa kwao, lakini huku bara walioko waliletwa na watu, kama wale wekundu wa Marekani waliotiwa ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970. Sisi tuna kaa wa maji baridi, jamii ya Potamonautes, na kisiwa chetu cha Idjwi kimempa mmoja wao jina: Potamonautes idjiwiensis. Hivi kweli mtoto wa Bukavu ajifunze mkia wa mgeni wakati kaa mwenye jina la Idjwi yuko mlangoni?

mama_Furaha

Mimi sikusoma biolojia, ila kaa nawajua kwa sufuria. Niulize kitu cha kijinga: mnasema "viungo" vya mdomo, vya ndoa, vya kuogelea. Si muite tu miguu na meno na mambo yaishe?

Mwalimu_Kadutu

Mama Furaha, hilo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi ya hesabu.

Ukivipanga juu ya karatasi kwa utaratibu, kuanzia vipapasio mpaka miguu ya nyuma, unaona kitu ambacho mchoro wa kitabuni hauonyeshi. Ni muundo mmoja unaorudiwa. Kila pingili ya mwili imepewa jozi moja ya viungo, vyote vimeanzia umbo lilelile la msingi, shina lenye matawi mawili, halafu kila pingili ikapeleka lake kwa fundi wake. Moja limepigwa kuwa taya. Jingine limekuwa kijiko, jingine mlango, jingine koleo. Ndiyo maana ile jozi ya nje kabisa ya mdomo inafanana kabisa na kamguu kadogo kaliokunjwa: ina magoti. Kaa anatafuna kwa jamaa za miguu yake.

Na kuna kimoja tulitaka kukitupa. Katikati ya vitaya vile laini kulikuwa na kipande chembamba kama ganda la kitunguu, umbo la jani. Mtoto mmoja alisema ni ngozi iliyochanika. Nikamwambia aache kwanza. Baadaye nikaelewa: hiyo ni pampu. Mashavu ya kaa, yale ya kupumulia, yamefichwa ndani ya chumba chini ya gamba, kulia na kushoto, na maji hayawezi kuingia humo yenyewe. Kale kajani kanapigapiga bila kupumzika na kuyavuta maji yapite juu ya mashavu. Kaa akitoka mtoni anabeba maji chumbani humo, ndiyo maana usiku unamkuta amepanda mpaka kwenye mihogo. Pampu ya pumzi, na yenyewe ni tawi la kiungo cha mdomo!

Lushi_Shaba

Bwana mwalimu, miye niko Lubumbashi. Swali: mulipopasua, damu ilikuwa rangi gani? Kuko mutu aliniambia kaa haina damu.

Mwalimu_Kadutu

Hatukuona damu. Yalitoka maji tu, meupe meupe. Niliwaambia watoto kwamba damu yake haina rangi.

Sambaza_wa_Kituku

Pole mwalimu, hapo nakukata tena. Yale maji ndiyo damu yenyewe. Sisi tunabeba hewa kwa chuma, ndiyo maana tuna wekundu. Kaa anabeba kwa shaba. Protini yake inaitwa hemosianini. Haikai ndani ya chembechembe kama yetu, inaelea tu katika majimaji. Ikiwa haina oksijeni haina rangi. Ikipata oksijeni inageuka buluu. Mngeacha tone likae kwenye sahani nyeupe mngeliona likianza kuwa samawati.

Na haipiti ndani ya mishipa muda wote. Moyo uko mgongoni, chini ya gamba, unapiga damu kwenye mishipa michache, halafu damu inamwagika kati ya viungo vya ndani na kuvilowesha, kisha inapitia mashavuni na kurudi moyoni kupitia matundu ya ubavuni mwake.

Lushi_Shaba

Shaba mu damu!! Njo kusema kaa ni mutoto wa Katanga aliyepotea mu Kivu. Mumurudishe kwetu 😂😂

Mzee_wa_Nguba

Mkimrudisha huko mtamchimba.

Ndugu_Sabato

Amani kwenu. Naheshimu elimu, lakini Walawi 11 imekataza kila cha majini kisicho na mapezi na magamba. Huyo kaa asile mtu.

Mwalimu_Kadutu

Ndugu, kwetu alikuwa juu ya meza ya darasa, si ya chakula. Aksanti kwa kutukumbusha.

Muuguzi_Panzi

Nje ya dini kuna jambo la afya, na nalisema kwa sababu najua watoto wa mtoni. Anayekula kaa amchemshe mpaka aive kabisa. Kaa wa maji baridi katika nchi kadhaa za Afrika hubeba kiminyoo cha mapafu, Paragonimus. Kikiingia kwa mtu kupitia nyama mbichi, kinatoboa mpaka mapafuni, na mgonjwa anakohoa damu. Watu wanadhani ni kifua kikuu. Mwalimu, mlinawa mikono kwa sabuni? Na ule wembe je?

Mwalimu_Kadutu

Sabuni ndiyo, wembe tulitupa chooni.

Muuguzi_Panzi

Sawa. Na mengine ya kaa: wale nzi wadogo weusi wa upofu wa mito. Kuna aina moja, Simulium neavei, ambayo watu walitafuta mabuu wake muda mrefu mtoni bila kuwaona, kwenye mawe hakuna, kwenye majani hakuna. Mwaka 1950 nchini Kenya, van Someren na McMahon wakaeleza kwamba mabuu hao wamejibandika juu ya mwili wa kaa. Siku nyingine mkimpata kaa, mwangalieni kwa torchi kabla ya kumwosha.

mama_Furaha

Ee Mungu wangu. Nilikuwa nawakwangua tu vile vitu nikidhani ni uchafu.

Kijana_Bagira

Mimi ndiye niliyeleta kaa 🙋 Profu sikujua kama uko huku. Nilitaka kuuliza darasani kengele ikalia: tulipofungua tumbo lake tulikuta meno. Matatu. Meno ndani ya tumbo! Wenzangu wanasema alimeza meno ya samaki.

Mwalimu_Kadutu

Kumbe uko huku, na jina lako ni Kijana wa Bagira. Vizuri, alama zako nitazungumzia Jumatatu.

Hajameza. Ni meno yake. Mataya yake yanakatakata tu, kusaga kunafanyika tumboni, kwenye kinu chenye meno matatu: moja limeshuka kutoka juu, mawili yametoka pembeni, na misuli inayagonganisha. Chakula kikishalainika ndipo kinapita kwenye chujio la manyoya na kuelekea kwenye ini, lile tope la manjano ambalo mama Furaha analijua vizuri kuliko mimi.

mama_Furaha

Tamu hilo! Lakini kumbe ni ini?

Sambaza_wa_Kituku

Ini na kongosho kwa pamoja, mama. Na kwa kuwa ni mahali pa kuhifadhi, hata madini mabaya ya majini yanarundikana hapo. Kaa aliyetoka kwenye mfereji wa mjini, mimi tope lake silili.

Kwa kijana: meno yale matatu ni ya gamba lilelile la nje. Utumbo wa mbele wa kaa umepakwa gamba kwa ndani. Kwa hiyo siku ya kujivua gamba anavua na tumbo! Anavua meno ya kinu, anavua ngozi ya mashavu, anavua mpaka kifuniko cha macho. Gamba linapasuka kwa nyuma, kati ya mgongo na mkia, na anajitoa kinyumenyume, hata nyama ya gando inapita kwenye kile kifundo chembamba. Akitoka ni laini kama mkate uliolowa. Hapo anakunywa maji avimbe, ili gamba jipya likauke likiwa na nafasi ya kukulia. Wengi wanakula gamba la zamani wapate chokaa yao tena.

Sasa amri ya kujivua iko wapi? Kwenye kijiti cha jicho. Humo ndani kuna tezi inayotoa homoni ya kuzuia: subiri, bado, subiri. Ukikikata kijiti, kizuizi kimeondoka na kaa anaharakisha kujivua. Wafugaji wa kamba baharini wanalijua jambo linalokaribiana na hilo. Wanakata kijiti kimoja cha jike ili atage mapema, maana humo humo kuna homoni inayozuia mayai. Mimi binafsi naona ni ukatili, na sioni haja ya kulipamba.

Mtu_wa_Mombasa

Salamu kutoka pwani, ndugu zetu wa Kongo. Nimeupitia uzi wote. Sisi tuna methali: kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Lakini hamjataja kwamba gando lenyewe akilazimika analiacha. Ukimshika, analikata mwenyewe kwenye mstari maalumu karibu na shina, utando unafunga tundu damu isimwagike, na wewe umebaki na gando mkononi kama mjinga. Linaota tena, dogo kwanza, linakua kila akijivua.

Na kama mnataka kaa wa kweli njooni kisiwa cha Chumbe, Zanzibar. Yule kaa wa minazi, Birgus latro, anafika kilo 4, na miguu ikinyooshwa ni kama mita 1. Amehamia nchi kavu kabisa: mkubwa wake ukimtupa baharini anazama na kufa.

Sambaza_wa_Kituku

Kaka wa Mombasa, kaa wakali wako hata ziwani kwetu. Shukeni Uvira. Tanganyika ina jamii ya kaa isiyopatikana ziwa jingine lolote, Platythelphusa, na P. armata ana magando makubwa ya kuvunjia konokono. Konokono wa humo nao wamejibu kwa makombe mazito yenye miiba, mpaka wazungu wa kwanza walioyaona walidhani ziwa liliwahi kuwa bahari.

Lushi_Shaba

Na ile ingine ya video, iko sawa kofia ya askari, mukia sawa musumari? Banasema damu yake inauzwa bei kali. Ile ni kaa gani?

Sambaza_wa_Kituku

Limulus. Ni arthropoda (mnyama wa gamba na miguu yenye maungio) wa baharini lakini si krustasea kabisa. Angalia kichwani: hana vipapasio. Krustasea ana jozi mbili, wadudu wana moja, yeye hana hata moja, kama buibui, na hao ndio jamaa zake wa karibu. Damu yake pia ni ya shaba (usianze tena 😄). Ina seli zinazoganda mara zikigusa sumu ya bakteria, ndiyo maana viwanda vya dawa vinaitumia kupima sindano na chanjo.

Kijana_Bagira

Profu, tuliona vipapasio vifupi kwa mizizi vimevimba kidogo. Ni masikio?

Mwalimu_Kadutu

Hapo niliwahi kusoma kisa ambacho sikukisahau, na ni cha kamba wa baharini. Ndani ya mzizi wa kile kipapasio kifupi kuna kifuko, ndani yake chembe za mchanga zimekaa juu ya vinyweleo. Mchanga ukilalia vinyweleo vya upande huu, kamba anajua ameinama upande huu. Ni kama pima-maji ya fundi mwashi. Lakini mchanga ule si wa kuzaliwa nao. Akijivua gamba anaupoteza, na lazima atie mwingine.

Mwaka 1893 mtu wa Vienna aitwaye Kreidl aliwaweka kamba waliojivua mahali pasipo na mchanga, akawapa unga wa chuma. Wakatia chuma. Halafu akasogeza sumaku juu yao. Kamba wakageuka chali wakaogelea miguu juu, wameridhika kabisa kwamba chini ni huko sumaku iliko.

Mzee_wa_Nguba

Nawajua watu wazima walioogelea hivyo miaka mingi.

Sambaza_wa_Kituku

Haa! Mzee!

Jicho nalo. La kamba limeundwa kwa vijicho vingi vya umbo la mraba, si pembe sita kama ya nyuki, na kuta za kila kijumba ni vioo vinavyorusha mwanga ukutane mahali pamoja. Miale ya eksirei haipindiki vizuri kwa lenzi, basi mafundi wa darubini wakaiga jicho hilo. Darubini ya Einstein Probe iliyorushwa na China Januari 2024 inatazama anga kwa macho ya namna hiyo.

Na kwa wale wanaosema hawajawahi kula krustasea (Ndugu wa Sabato, nisamehe): sambaza, wale samaki wetu wadogo wa ziwa Kivu. Tuliletewa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na ndani ya Kivu wanajenga nyama yao kwa vidudu vya majini, krustasea wadogo sana, wengine wana jicho moja tu katikati ya paji. Walikula mpaka mmoja wao, Daphnia curvirostris, akatoweka ziwani.

Ndugu_Sabato

Sambaza ana mapezi na magamba. Alichokula yeye ni hesabu yake na Muumba.

mama_Furaha

Amina. Nakaanga kesho.

Mwalimu_Kadutu (Jumatano)

Ripoti. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikafuta 19 ubaoni, nikaandika: kamba 19, kaa dume 15, kaa jike ___. Nafasi nikaiacha wazi. Kijana wa Bagira alama zake nimemrudishia.

Jana wakaleta jike. Nilimgeuza chali, kweli, kikwembe kipana kimefunika tumbo lote. Tukakiinua kwa ncha ya sindano ili tuhesabu zile jozi nne. Chini yake hatukukuta mayai. Kulikuwa na kaa. Wadogo kama kichwa cha kibiriti, sijui kumi ngapi, kila mmoja na magando yake mawili na miguu minane, wamemshikilia mama yao kwenye yale manyoya. Hawa wa mtoni hawapitii maisha ya mabuu ya kuelea kama wale wa baharini, wanatoka kwenye yai wakiwa kaa tayari.

Hakuna aliyeuliza barafu. Tulimrudisha kwenye kopo, darasa zima likashuka naye kijitoni.

Sambaza_wa_Kituku

Kwa hiyo hamkuhesabu?

Kijana_Bagira

Mimi nilihesabu haraka haraka kabla profu hajafunika. Jozi nne. 17. Naomba na hizo alama.